Mwanazuoni na Umma Wake

Neno mwanazuoni limetokana na chuo, na katika Kiswahili cha kale chuo hakikuwa mahali pa kufundishia tu, bali kilikuwa kitabu pia. Zuo ni wingi wake katika lahaja za kaskazini. Basi mwanazuoni, kwa asili ya neno lenyewe, ni mwana wa vitabu, yaani mtu aliyelelewa na maandiko hata yakawa nasaba yake ya pili. Lakini neno hili halisemi lolote juu ya watu wanaomsikiliza. Mtu aweza kuwa mwanazuoni mkubwa, akaishi na kufa baina ya rafu za vitabu vyake, asijulikane ila kwa wanafunzi wachache. Mwingine, ambaye pengine elimu yake ni pungufu kuliko ya huyo, husimama mbele ya watu akanena juu ya dini yao, sheria zao, malezi ya watoto wao na utawala wa nchi yao, na watu wakamtegea sikio. Huyu wa pili ndiye anayeitwa mwanazuoni wa hadhara, naye ndiye anayechunguzwa katika makala haya.

Tofauti ya wawili hawa si wingi wa elimu. Tabibu akieleza hadharani dalili za homa, anasema katika kazi yake. Akiiacha homa yenyewe akalaumu njaa na ujira mdogo unaowafanya watu washikwe na homa, amevuka mpaka wa kazi yake na kuingia katika jambo la watu wote. Mwanazuoni wa hadhara ni mtu wa namna hiyo. Huchukua heshima aliyoipata katika fani moja, akaitumia kusemea jambo ambalo hakuna fani iliyompa mamlaka juu yake. Hapo huzuka swali ambalo kila mtu mwenye kusikiliza hujiuliza, walau moyoni: ni nani aliyempa ruhusa?

Elimu ya jamii hulichukua swali hilo na kulifanya kazi yake. Haianzi kwa kuuliza kama maneno ya msemaji ni ya kweli, kwa maana hiyo ni kazi ya mantiki na historia. Huanza kwa kuuliza maneno yale yalisemwa mahali gani, kwa njia ipi, kwa idhini ya nani na kwa gharama gani.

Chanzo cha uchunguzi huu

Uchunguzi wa namna hii ulipata nguvu kutokana na kesi moja ya Ufaransa. Katika Desemba 1894 Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi aliyekuwa afisa wa jeshi, alihukumiwa kuwa ameisaliti nchi yake, akapelekwa kufungwa kisiwani ng'ambo ya bahari. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Tarehe 13 Januari 1898 mtunzi wa riwaya, Émile Zola, alichapisha katika gazeti la L'Aurore barua ya wazi kwa Rais wa nchi, akawashitaki kwa majina wakubwa wa jeshi walioipotosha haki. Siku ya pili yake gazeti lilianza kuchapa majina ya waandishi na walimu wa vyuo vikuu waliotaka kesi ile isikizwe upya. Wapinzani wao, miongoni mwao mwandishi Maurice Barrès, waliwabandika kwa dhihaka jina lenye maana ya watu wa akili, kama kwamba ni watu wanaojidai kujua kila kitu. Waliodhihakiwa walilipokea jina hilo wakalifanya la fahari. Zola mwenyewe alihukumiwa kwa kashfa, akakimbilia Uingereza. Dreyfus alitangazwa kuwa hana hatia katika mwaka 1906.

Kisa hiki husimuliwa aghalabu kama kisa cha ushujaa, na hapana shaka kilikuwa hivyo. Lakini wataalamu wa elimu ya jamii walitazama pia viti walivyokalia mashujaa wale. Zola aliishi kwa mauzo ya vitabu vyake, wala hakuwa na mshahara wa serikali ambao ungeweza kukatwa. Pierre Bourdieu alishikilia kwamba ushujaa wake uliwezekana kwa sababu fani ya uandishi ilikwisha kupata uhuru wake, ikawa na heshima isiyotoka ikulu wala kanisani. Mtu asiye na pahali pa kusimama hawezi kusukuma kitu, hata awe na nguvu namna gani.

Kabla ya Bourdieu walikuwapo wengine waliolishika jambo hili kila mmoja kwa upande wake. Katika mwaka 1927 Julien Benda aliwalaumu wasomi wa Ulaya kwamba wamekisaliti cheo chao kwa kujitia katika hamaki za mataifa na vyama. Katika mwaka 1929 Karl Mannheim alitoa hoja kwamba wasomi hutoka katika matabaka mbalimbali na kuunganishwa na elimu, na kwa hiyo huweza kuelea kidogo juu ya ugomvi wa matabaka na kuutazama kutoka pande zote. Wakati huohuo Antonio Gramsci, aliyekamatwa Italia mwaka 1926, aliandika gerezani maneno ya kinyume. Kwake yeye kila tabaka huzaa wasomi wake, na japokuwa binadamu wote wana akili, si wote waliopewa na jamii kazi ya kuwa wasomi. Baadaye sana, katika mwaka 1987, Russell Jacoby wa Marekani alidai kwamba wale waliokuwa wakiwaandikia watu wote wamemezwa na vyuo vikuu, na sasa wanaandikiana wao kwa wao.

Maoni haya hayapatani, lakini yote yanazunguka mambo matatu. La kwanza ni riziki: msemaji anakula wapi, na nani aweza kumnyima chakula hicho? La pili ni chombo: maneno yake yanasafiri kwa njia gani, na mlango wa njia hiyo unalindwa na nani? La tatu ni wasikilizaji: ni nani wanaomfahamu, kwa lugha ipi, na wanamtazamia aseme nini? Mambo haya matatu yatafahamika vizuri zaidi yakipimwa kwa watu ambao kazi zao zinajulikana kwa wasomaji wa Kiswahili.

Mombasa kabla ya gazeti

Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwaka 1776 hivi hata mwaka 1840 hivi, hakuwa na gazeti wala kiwanda cha chapa. Chombo chake kilikuwa shairi, na shairi lilihifadhiwa katika vifua vya watu. Chombo hiki kina sheria zake. Neno lisilopendeza sikio halihifadhiwi, na lisilohifadhiwi hufa siku ileile lililosemwa. Kwa hiyo mshairi wa wakati ule, hata alipotaka kusema juu ya vita na utawala, alilazimika kusema kwa vina, mizani na mafumbo, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa kamba za kufungia maneno yasipotee. Mafumbo yalikuwa pia ngao. Katika mji uliokuwa ukishindana na nguvu ya Sayyid Said, neno la fumbo lilimfikia aliyekusudiwa, na msemaji akabaki na nafasi ya kukana.

Muyaka alisema akiwa upande wa mji wake na wa Mazrui walioutawala. Utawala huo ulikwisha katika mwaka 1837. Mashairi yake yaliwafikia wasomaji wa baadaye kwa sababu wengine, miongoni mwao Mwalimu Sikujua na Mwingereza William Taylor, waliyakusanya na kuyaandika, na diwani yake ikatolewa na William Hichens katika mwaka 1940. Basi hata umaarufu wa Muyaka katika zama hizi ulipitia mlango uliolindwa na wengine, miaka 100 baada ya kufa kwake.

Kadhi na gazeti

Katika ukoo huohuo wa Mazrui alizaliwa, mwaka 1891, Sheikh Al-Amin bin Ali. Alisoma kwa masheikh wa ukoo wake na wa Unguja, na mawazo ya wafanya islahi wa Misri yalimwathiri sana. Katika mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na katika mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Humo aliandika juu ya mambo ambayo darasa la msikitini halikuzoea kuyagusa kwa namna ile: shule za watoto wa kiume na wa kike, mali inayoteketea katika arusi na matanga, uvivu, na uigaji wa Wazungu usiochagua zuri na baya. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi.

Jambo la kutazamwa hapa ni lugha. Mwanachuoni wa pwani aliyetaka heshima ya wanachuoni wenzake aliandika kwa Kiarabu. Aliyeandika kwa Kiswahili alikuwa amechagua wasikilizaji wengine: mfanya biashara ndogo, fundi, mama wa nyumba aliyesomewa na mwanawe. Uchaguzi wa lugha ulikuwa uchaguzi wa umma. Sheikh Al-Amin hakupunguza elimu yake kwa kuiandika kwa Kiswahili. Aliihamisha kutoka baraza moja hadi jingine, na baraza lile la pili lilikuwa na haki ya kumhoji ambayo halikuwa nayo hapo kwanza.

Katika mwaka 1932 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na katika mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hata alipofariki mwaka 1947. Kiti cha kadhi kina nguvu ambayo gazeti halina, kwani neno lake ni hukumu. Lakini kadhi husubiri kesi iletwe mbele yake, ilhali mwenye gazeti huitafuta kesi mwenyewe. Kadhi husema na wadai na wadaiwa. Mwenye gazeti husema na mji mzima, pamoja na wale ambao hawakupenda kusikia. Mtu ni yuleyule na elimu ni ileile, bali kiti kikibadilika, yale yanayosemeka hubadilika pia.

Karani na mwenye duka

Mfano ulio mgumu zaidi ni wa Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Tangu mwaka 1926 hata 1944 alikuwa karani katika Idara ya Forodha, na baada ya hapo aliendelea kufanya kazi katika ofisi nyingine za serikali ya Tanganyika hata mwaka 1960. Aliandika, basi, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa muda wa miaka zaidi ya 30. Mashairi yake yalitoka katika Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na serikali hiyo mwaka 1923. Vitabu vilivyokusudiwa shule vilipita mbele ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambayo ilikuwa na kazi ya kusanifisha Kiswahili na kuidhinisha maandishi. Kwa hiyo riziki yake ilikuwa ya serikali, na sehemu kubwa ya chombo chake ilikuwa ya serikali pia.

Wako waliomsoma wakamlaumu kwamba hakuushambulia utawala wa kigeni kwa jina lake, bali alijificha katika nchi za kubuni. Lawama hii haiwezi kupimwa bila ya kukumbuka hali aliyokuwa nayo. Katika mwaka 1953 serikali ya Tanganyika ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake kuingia katika vyama vya siasa. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu Pugu, alifikia mahali pa kuchagua baina ya ualimu na siasa, naye katika mwaka 1955 akajiuzulu kazi ya ualimu. Alikuwa na chama nyuma yake. Karani mwenye jamaa wanaomtegemea, asiye na chama nyuma yake, hakuwa katika hali hiyo.

Ikitazamwa hivyo, Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, si maficho matupu. Karama anashitakiwa katika nchi iliyo angani kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye hujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta manufaa ya nchi, wakarudi nayo, wakalipwa kifungo. Mwandishi aliyezuiwa kuingia katika siasa ameifanya kesi ya mwenye maarifa mbele ya wakubwa kuwa ndiyo kiini cha kitabu. Swali la makala haya, yaani nani kampa ruhusa msemaji, ndilo swali analoulizwa Karama. Fumbo ambalo kwa Muyaka lilikuwa desturi ya fani lilikuwa kwa Shaaban Robert njia iliyobaki wazi. Kadhalika lilikuwa njia ambayo wasikilizaji wake, waliozoea ushairi na hekaya, walijua kuifuata bila ya kuonyeshwa kwa kidole.

Kwa kulinganisha, yafaa kumtaja Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam. Katika mwaka 1937 alianzisha Kwetu, gazeti la Kiswahili lililomilikiwa na Mwafrika, nalo lilidumu hata mwaka 1951. Fiah alisema wazi juu ya dhiki za Waafrika mijini, mishahara yao na shule zao. Hakuwa na elimu ya lugha ya kulingana na ya Shaaban Robert, wala maandishi yake hayakuishi kama ya mwenzake. Lakini alikula kwa duka lake, na bwana wake alikuwa mnunuzi. Duka lilimpa uhuru ambao ofisi isingempa, na lilimnyima utulivu ambao ofisi ingempa. Karani aliandika vitabu vilivyodumu. Mwenye duka alitoa gazeti lililosema kwa ukali na kisha likaisha. Ni kosa kuutazama ukali wa mmoja kuwa ujasiri mtupu na upole wa mwingine kuwa woga mtupu, bila ya kutazama kaunta ya duka na meza ya ofisi.

Mwana wa kadhi

Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin, alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, na tangu mwaka 1963 alifundisha Makerere. Kiti chake kilikuwa chuo kikuu, chombo chake majarida, redio na mihadhara, na lugha yake ya kazi Kiingereza. Katika jarida la Transition, lililokuwa likitoka Kampala tangu mwaka 1961, aliandika mwaka 1966 makala juu ya Kwame Nkrumah yaliyowaudhi wengi. Katika mwaka 1968 mhariri wa jarida hilo, Rajat Neogy, alitiwa kizuizini na serikali ya Uganda. Hapo ilidhihirika kwamba chombo hushikwa kabla ya msemaji. Utawala wa Idi Amin ulipozidi ukali, Mazrui aliondoka Uganda mwaka 1973, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Uhamisho ulimpa kiti imara na wasikilizaji wengi kuliko aliokuwa nao baba yake. Katika mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC, na katika mwaka 1986 ukaonyeshwa mfululizo wake wa filamu tisa juu ya urithi wa aina tatu wa Afrika. Hata hivyo riziki na chombo havikuacha kudai haki yao. Mkuu wa mfuko wa serikali ya Marekani uliochangia gharama za filamu hizo hakuridhika na maneno yake juu ya nchi za Magharibi, akataka jina la mfuko liondolewe. Hakutiwa kizuizini kama Neogy. Alionyeshwa tu kwamba mchangaji naye ana macho.

Baba aliiacha lugha ya wanachuoni akashika lugha ya mtaa, akasikiwa na mji. Mwana alishika lugha ya vyuo vikuu, akasikiwa na ulimwengu. Aliyesoma Kiswahili peke yake, ambaye baba alimwandikia, hakuwa miongoni mwa wasomaji ambao mwana aliwaandikia kwanza. Hili si kosa la mtu mmoja. Chuo kikuu cha Afrika ya Mashariki kilijengwa juu ya Kiingereza, na mwalimu wake alipandishwa cheo kwa yale yaliyosomwa na walimu wenzake. Mwanazuoni aliyetaka kusema na umma kwa lugha yake alilazimika kufanya kazi mbili, na ni moja tu iliyolipwa.

Kipimo kinachofaa

Makosa mawili humnyemelea mwenye kuchunguza mambo haya. La kwanza ni kumtazama mwanazuoni kama nyota isiyo na anga, akasifiwa au kulaumiwa kwa maneno yake peke yake. La pili, ambalo huwashika zaidi wale waliokwisha kuonja elimu ya jamii, ni kudhani kwamba ukijua nani anamlipa msemaji, umekwisha kujua atakalosema. Makarani wa Tanganyika walikuwa wengi, wote wakila mshahara uleule na kufungwa na waraka uleule, lakini Kusadikika kiliandikwa na mmoja tu. Makadhi waliomtangulia Sheikh Al-Amin walikuwa na elimu, wala hawakuanzisha gazeti. Riziki, chombo na wasikilizaji hueleza mipaka ya uwanja. Havielezi mchezo wa mchezaji.

Walakini mchezo hauwezi kuhukumiwa na asiyeijua mipaka hiyo. Mwalimu anayefundisha fasihi ya Kiswahili humtendea mwandishi haki pale anapouliza, kabla ya kusifu au kulaumu: alikula wapi, alipitia mlango gani, na alitarajia kusikiwa na nani? Kisha huuliza lile la mwisho, ambalo ndilo la thamani: katika nafasi ile aliyokuwa nayo, aliipanua kwa kiasi gani? Kwa kipimo hicho kimya cha mtu chaweza kuonekana kuwa uzembe au kuwa mkakati, na fumbo laweza kuonekana kuwa woga au kuwa mlango. Bila ya kipimo hicho wafu huhukumiwa kwa uhuru ambao hawakuwa nao, na walio hai husamehewa kwa minyororo ambayo hawajafungwa.